Bosi ananifokea kwenye grupu la kazi, watu 43 wanasoma

Shikamoo Anti,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Njiro hapa Arusha. Huu ni mwaka wangu wa sita kwenye kampuni moja ya utalii, upande wa rizavesheni. Napokea maombi ya wageni, naweka nafasi kwenye hoteli na kambi, nafuatilia malipo ya mageti ya hifadhi, napanga dereva gani anakwenda kumpokea nani. Kazi naipenda. Mkurugenzi wetu alianza kama dereva wa watalii, akanunua Land Cruiser moja chakavu, leo ana magari kumi na moja. Kazi anaijua na mshahara hacheleweshi, hilo siwezi kumnyima.

Shida ni grupu la WhatsApp. Maisha yote ya kampuni yamo humo: ratiba, picha za pasi za wageni, vyeti vya homa ya manjano, risiti za dizeli, gari lililokwama Ndutu, michango ya misiba, heri ya kuzaliwa, video za mahubiri. Tuko watu 43: ofisi, madereva, wapishi, fundi, mlinzi, na shemeji yake mkurugenzi ambaye mpaka leo sijajua anafanya kazi gani. Hata madereva wawili walioacha kazi mwaka jana bado wamo.

Mkurugenzi haandiki. Yeye ni voisi tu. Anaendesha gari anaongea, anakula nyama anaongea, unasikia hadi kisu kinagonga ubao. Wiki mbili zilizopita, Alhamisi saa tano kasoro usiku, aliingiza voisi ya dakika nne na sekunde kumi na tisa. Nilikuwa nambembeleza mwanangu wa mwisho, ana homa. Nikaiwasha. Akaanza na tairi za gari la nane, akaenda kwenye risiti za dizeli, akaja kwenye lanchi boksi, kwamba wageni wamelalamikia mkate mkavu. Nikasema haya ni ya madereva na jikoni. Nikaizima baada ya kama dakika moja, nikaandika "Sawa bosi". Kabla yangu zilikuwepo "Sawa bosi" kumi na nne.

Kumbe kwenye dakika ya nne alisema ile familia ya watu wanne ya kesho imebadilisha safari. Hawaji tena na ndege ya kutua KIA, uwanja wa Kilimanjaro, saa sita mchana, wanatokea Zanzibar na ndege ndogo, wanatua Kisongo saa nne asubuhi. Wakala wao wa Marekani ndiye aliyemwandikia usiku uleule.

Saa nne asubuhi dereva niliyempanga alikuwa anaelekea KIA, na yeye pia alikuwa ameandika "Sawa bosi". Wageni walikaa Kisongo saa moja na dakika arobaini, wamekalia mabegi yao, mtoto mmoja analia. Unajua Arusha ilivyo, Kisongo uko upande huu wa mji na KIA uko kule, karibu kilomita 50. Dereva aligeuza akakutana na foleni.

Saa saba mchana mkurugenzi aliandika. Mara hii aliandika, Anti, kwa herufi kubwa: "KUNA WATU WANALIPWA KULALA. VOISI YA DAKIKA NNE INAWASHINDA? KAMA KAZI NGUMU WAACHIENI WENYE NJAA." Chini yake akataja jina langu. Nikajibu kwamba sehemu hiyo sikuisikia. Akaweka skrinshoti ya orodha ya walioisikiliza ile voisi. Jina langu limo, saa 4:53 usiku. Nikawa mwongo mbele ya watu 43.

Kimya. Halafu mpishi mmoja akaweka stika ya nyani anacheka. Huyu mpishi mwezi uliopita alifokewa yeye, kisa trei za mayai zilizovunjika njiani kwenda Karatu. Siku ile tulicheka sana na mimi niliweka zile emoji za machozi, lakini ulikuwa utani tu wa kazini. Jioni watu watano wakanifuata inboksi: "pole dada", "ndivyo alivyo huyo", "mwachie Mungu".

Tangu siku hiyo simu ikitetemeka na mimi natetemeka. Mume wangu amesema nichague, simu au kitanda. Kwa hasira niliweka stetasi: "Wingi wa magari si wingi wa busara." Nimeona jina la mkurugenzi kwenye waliotazama. Hajasema kitu.

Dada mmoja wa uhasibu ananiambia nitoke kwenye grupu. Mwingine anasema nikusanye skrinshoti nipeleke kwa afisa kazi. Je, sheria inamruhusu kutuagiza kazi saa tano usiku? Nimjibu humohumo ili watu wajue mimi si mjinga? Au niache kazi?

Niliyechoka na mtetemo, Njiro

* * *

Marahaba mwanangu. Mtoto homa imeshuka? Hukusema, na katika barua yako yote ndilo nililotaka kujua kwanza.

Usijibu kwenye grupu. Ukijibu vizuri utapigiwa makofi inboksi na walewale watu watano, na utakuwa umemvua nguo mkurugenzi mbele ya mlinzi wake na shemeji yake. Sijamfahamu bado bosi wa Arusha anayesamehe hilo upesi. Kutoka nako usitoke. Siku hizi mtu akitoka kwenye grupu WhatsApp haitangazi kwa wote, inawaarifu maadmini peke yao, lakini nadhani sote tunajua admini wenu ni nani. Kwa kazi yako, kutoka humo ni kukabidhi ufunguo wa ofisi.

Stetasi yako ilishafutika yenyewe baada ya saa 24, tuiache izikwe. Mama zetu walivaa kijembe kwenye kanga na mlengwa akaelewa, ila kanga haikuwa na orodha ya walioitazama. Wewe ulirusha jiwe gizani halafu ukawasha taa uone limempata nani. Asipouliza, usiitaje. Akiuliza, usikane.

Sasa kosa lako, maana lipo. Kosa halikuwa kuizima ile voisi. Mtoto ana homa, saa tano usiku, mtu anazungumzia tairi: hata mimi ningeizima. Kosa ni yale maneno mawili uliyoandika baada ya kuizima. Ulisema "Sawa" kwa jambo ulilosikia robo. Dereva naye akasema "Sawa". Na wale kumi na nne kabla yenu, ningekuwa na hela ningeweka dau kwamba hata watano hawakufika dakika ya nne. "Sawa bosi" kwenye magrupu ya kazi imeacha kuwa na maana ya nimeelewa. Siku hizi maana yake ni nimekuona, usinitafute. Bosi naye anazihesabu hizo "Sawa" kama risiti, analala usingizi, na wageni wanatua Kisongo.

Mimi nilisomea uhazili Tabora, enzi za taipureta. Tulifundishwa hatimkato, kuandika maneno kwa alama kadiri mtu anavyosema, na mitihani ilipimwa kwa maneno kwa dakika. Lakini mwalimu wetu alichokuwa mkali nacho kuliko kasi ni kusoma tena. Bosi akimaliza kukuagiza, hutoki mlangoni mpaka umemsomea ulichoandika. Tuliona ni kupoteza muda. Halafu nikaja kuwa katibu muhtasi kwenye ofisi moja mjini hapa, siitaji, chini ya bwana mmoja mwenye sauti kama ya mkurugenzi wako. Siku moja alinifokea mbele ya wageni wake kwamba nimeandika tarehe ya kikao siyo. Sikujibu. Wageni walipoondoka nilikwenda masjala, nikatoa jalada, nikamwekea mezani nakala ya kaboni ya barua ile, yenye tarehe aliyoisema na herufi zake za kuidhinisha pembeni. Nikatoka. Hakuniomba radhi, wala sikutegemea. Ila tangu siku ile akiwa na la kunifokea alikuwa ananiita ndani na kufunga mlango. Na nisikudanganye, nilifurahi wiki nzima.

Nakusimulia hilo kwa sababu wewe huna jalada la kutoa. Agizo lako liko ndani ya sauti, katikati ya mkate mkavu na dizeli, na ushahidi pekee uliopo ni ile skrinshoti, ambayo inaonyesha nani alibonyeza tu. Aliyesikiliza sekunde tano na aliyesikiliza yote wako kwenye orodha ileile. Kwa hiyo huwezi kujitetea, na yeye hawezi kukuhukumu kwa haki hata angetaka.

Lakini mtazame na yeye alikotoka. Umeniambia alikuwa dereva wa watalii. Basi huyu kuongea kazini alijifunzia kwenye redio ya gari. Porini redio moja inasikika na magari yote: mmoja akiona simba Seronera anasema, kwa jina la fumbo ili mgeni asishtukie mapema, na kila aliye karibu anageuza usukani. Husemi na mtu mmoja, unasema hewani, mwenye kuhusika atajijua. Mtu akikosea anafokewa hewani, wanacheka, kesho hakuna anayekumbuka kwa sababu sauti imepotea na vumbi. Huyu bwana amelihamishia grupu tabia za redio bila kujua kwamba grupu halipotezi kitu. Maneno yake kwako yako kwenye simu 43 hadi sasa, na za madereva wawili walioacha kazi zimo.

Ila kuna tabia moja ya redio aliyoisahau nyumbani, na hapo ndipo pa kumshikia. Kwenye redio aliyeagizwa hurudia. "Umekopi?" "Nimekopi, nageuka kwenye njia ya mto, nakuta gari mbili." Asiporudia, aliyesema anarudia yeye mpaka apate jibu, kwa sababu anajua betri na milima vinakula maneno. Dereva mzoefu haridhiki na "sawa" tupu. Mkurugenzi wako anajua hili kuliko mimi na wewe, limo kwenye mifupa yake. Kwa hiyo usiende kumfundisha mawasiliano. Nenda ukamkumbushe kazi yake ya zamani.

Usiende Jumatatu asubuhi magari yanapotoka. Subiri jioni, magari yamerudi au siku ambayo hakuna safari inayoanza, na umwombe kwa mdomo, si kwa meseji: "Mkurugenzi, naomba dakika ishirini." Ukikaa, anza na lako, wala usilipake sukari: "Ya Kisongo, mimi nilisikiliza robo nikaandika sawa. Hilo ni langu. Nimekuja na njia ya kuzuia lisijirudie." Kisha weka karatasi moja mezani. Moja. Ukimpelekea kurasa nne, na yeye atasikiliza dakika ya kwanza.

Kwenye karatasi kuwe na jambo hili tu: badiliko lolote la kupokea au kusafirisha wageni linaandikwa, hata kama amelitangulia kwa voisi. Maneno machache kwa mpangilio uleule kila mara. Jina la kundi la wageni na idadi yao. Uwanja, KIA au Kisongo. Namba ya ndege. Saa kama ilivyo kwenye tiketi, na pembeni saa yetu: 10:00, saa nne asubuhi. Hapo pa saa msione uvivu, kwa sababu mtu akiandika "saa 4" peke yake, aliyezoea tiketi anaona alfajiri na aliyezoea msikiti na shule anaona kumekucha kitambo. Mwisho, jina la anayehusika. Huyo mmoja aliyetajwa ndiye anayejibu, na hajibu "sawa", anarudia: "Kisongo, 10:00, saa nne asubuhi, watu wanne, gari la tatu." Wengine 41 wanyamaze. Asiporudia ndani ya muda mtakaokubaliana, anapigiwa simu.

Atakuambia yeye hana muda wa kuandika, yuko barabarani. Mjibu kwamba huombi aandike yeye. Atume voisi yake kama kawaida, mtu wa rizavesheni wa zamu anaigeuza maandishi na kuiweka. Hapo umemwondolea kazi, hujamwongezea, na ghafla lile jalada unalo wewe. Sisi makatibu muhtasi tuliishi hivyo miaka yote, na mabosi wakadhani wanatutawala.

Akikubali hilo, au akionyesha dalili ya kukubali, mwonyeshe pasi. Hili wewe umelitaja kama kitu cha kawaida, mimi lilinifanya niweke chini kikombe cha chai. Picha za pasi za wageni, na vyeti vyao vya chanjo, ziko kwenye simu za watu 43, wakiwemo wawili ambao huenda wanafanya kazi kwa mshindani wenu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake ipo. Mgeni aliwapa pasi ili mumwekee nafasi, hakumpa shemeji wa mkurugenzi. Mpishi anahitaji kujua mgeni hali karanga. Namba ya pasi yake haihitaji. Mshauri awatoe wale wawili leo hii, pasi zibaki kwenye barua pepe na kompyuta ya ofisi, na litengwe grupu la maagizo peke yake, na lile jingine libaki la misiba, mahubiri na nyani. Sheria bosi anaisikia kuliko machozi, na kwenye utalii anaisikia zaidi, maana mgeni mmoja akiandika mtandaoni kwamba pasi yake ilizagaa, hiyo ni hasara kuliko saa moja na dakika arobaini za Kisongo.

Ya usiku. Umeuliza sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, inataka mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na ovataimu iwe kwa makubaliano, isipite saa 50 katika wiki nne, ilipwe mara moja na nusu. Lakini humo hutakuta neno voisi. WhatsApp yenyewe ilizaliwa 2009. Tena sheria inawaacha nje ya mipaka hiyo baadhi ya wenye madaraka, wanaosimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kwa hiyo soma mkataba wako uone wewe umeandikwa nani. Ufaransa tangu Januari 2017 kampuni zenye watu 50 na kuendelea zinatakiwa kukaa na wafanyakazi wake kuzungumzia haki ya kuzima simu baada ya kazi. Vizuri kwao. Ninyi wateja wenu wengi wako Marekani, na ofisi ya New York inafunguliwa saa kumi au kumi na moja jioni ya Arusha kutegemea msimu. Mnapofunga, wao ndio wanakunywa kahawa ya kwanza. Taarifa ya Kisongo isingeweza kuja mchana.

Kwa hiyo usipiganie usiku usiwepo. Pigania usiku usiwe wa watu wote. Simu moja ya zamu, ya kampuni, inayozunguka kwa wiki kati yenu wa ofisini. Aliye na simu hiyo ndiye anayesoma, na kwa kuwa anafanya kazi, hesabu ya saa zake iwepo. Wengine mnazima mlio wa grupu kuanzia saa mlizokubaliana. La dharura kweli, gari limepinduka au mgeni anaumwa Ngorongoro, hilo halitumwi voisi, linapigiwa simu na simu inapokelewa. Mumeo mwambie nimesema wiki moja kati ya nne atavumilia.

La kufokewa liache liwe la mwisho, na liwe sentensi moja, ukiwa umeshasimama: "Mkurugenzi, nikikosea niite humu unifokee hata saa nzima, lakini kwenye grupu nakuomba usinitaje." Usieleze ulivyoumia. Anajua. Mtu hafuatilii stetasi za watu wake akiwa na amani. Anaweza kusema "nimesikia", anaweza kucheka, anaweza kuonyesha mlango. Akisema nimesikia halafu wiki ijayo akarudia, usishangae, mdomo wa miaka ishirini haubadiliki kwa karatasi moja. Mpe muda.

Akigeuza kikao kuwa vita, hapo ndipo zile skrinshoti ulizoshauriwa kukusanya zina kazi. Ziweke, na andika tarehe zako kwenye daftari la nyumbani, si kwenye simu ya ofisi. Akikuachisha kazi kwa sababu umedai, una siku 30 tangu siku hiyo kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo zinakwenda mbio ukiwa unalia. Lakini kwenda kwa afisa kazi leo, kwa meseji moja ya herufi kubwa, kabla hujakaa naye hata dakika ishirini, mimi nisingekushauri. Kuacha kazi nako ni hivyohivyo. Miaka sita, mshahara unaofika siku yake, bosi anayejua kazi: hivyo havikotwi Sokoine Road. Mvua za Aprili na Mei, biashara ikiwa imelala, kaa uhesabu upya. Kama bado unatetemeka na simu wakati huo, anza kutafuta kabla ya Juni.

Limebaki moja na nilikuwa naliahirisha.

Ulipofika kwa mpishi nilirudia kusoma mara mbili. Yeye alipofokewa kwa mayai uliweka emoji za machozi ya kicheko, ukaniandikia kwamba ulikuwa utani tu wa kazini. Ulipofokewa wewe aliweka nyani, na huyo nyani amekuuma kuliko herufi kubwa za mkurugenzi. Nadhani unajua kwa nini, ndiyo maana umeyaweka maneno yote mawili kwenye aya moja halafu ukakimbilia aya nyingine. Njia ya kwenda Karatu ina makona, trei za mayai ziko nyuma ya gari, na aliyeendesha hakuwa yeye. Kuna mtu yeyote aliyemfuata yeye inboksi jioni ile kumwambia pole kaka?

Grupu lile bosi ndiye anayepiga filimbi, lakini stika mnaweka ninyi. Wengine walikaa kimya ulipotajwa kwa sababu kila mmoja alikuwa anashukuru si zamu yake, na mwezi uliopita mshukuru mmojawapo ulikuwa wewe. Sikusemi kwa ubaya. Hata mimi ofisini kwetu nilishawahi kumcheka mhudumu wa chai aliyemwagia jalada maji, na jina lake silikumbuki tena.

Kwa hiyo kabla ya zile dakika ishirini za mkurugenzi, tafuta siku mpishi anarudi kutoka safari. Atakuwa stoo anashusha masufuria na makreti, amechoka, ananuka moshi. Mkute pale. Shika upande mmoja wa kreti.